Chomoa nguruzi kwanza: kuvuta boti kutoka Dar hadi Nyasa upande wa Malawi

Kazi yangu ni kusafirisha boti kwa barabara. Karakana ipo Kunduchi, si mbali na ufukwe wanakoshusha samaki, na kwa miaka 11 sasa nimevuta boti za faiba kwenda Mwanza, Kigoma, Mtera na Kyela, na mara kadhaa nimevuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi. Wateja wakinipigia simu huuliza mambo mawili: bei, na karatasi za forodha. Bado sijapata aliyeniuliza, "Fundi, boti itaoshwa wapi?" Mimi hilo ndilo swali langu la kwanza. Karatasi zikikosekana utalala Kasumulu siku mbili, utanuna, kisha utapita. Mmea wa ziwa moja ukishaingia ziwa jingine, hakuna wa kuutoa.

Mtu wa Dar hahitaji somo refu kuhusu kiumbe mgeni. Angalia jalala lolote kuanzia Tandale hadi Feri: wale kunguru wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakavuka bahari, na sasa wanakula mayai na vifaranga vya ndege wadogo mji mzima. Majini mambo ni hayohayo. Gugu maji asili yake ni Amerika Kusini. Kwetu lilionekana kwanza mito ya Sigi na Pangani miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia Ziwa Victoria, likaziba magati na kuwafungia wavuvi nyumbani. Sangara naye alipandwa Victoria na mkono wa binadamu, miaka hiyohiyo ya 1950. Ametulisha, amejenga viwanda, sikatai, lakini furu tuliowakuta humo, aina kwa mamia, wengi hawapo tena.

Ziwa Nyasa nalo lina mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi, na karibu wote hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Lina usipa, lina mbasa, na kuna watu huko ambao chakula chao cha kila siku kinatoka humo. Ndiko ninakopeleka boti ambayo huenda ilifanya kazi Victoria mwaka mzima. Kwa hiyo nisome kwa makini kwenye kuosha. Mengine unaweza kuyapitia haraka.

Nianze na kilichonifumbua macho. Nilitumwa kuchukua boti ya mita 7 upande wa Mwanza, niilete Dar ibadilishwe mashine, halafu iendelee Malawi kwa mnunuzi. Wenye boti waliapa wameiosha, na kweli ubavu uling'aa. Tukakaa siku mbili tukisubiri karatasi, tukatembea siku mbili. Tulipofika Chalinze nikasimama tule mishikaki, nikapitisha mkono chini ya boti kukagua mkanda. Boti ikiwa juu ya trela hukalia mbao mbili ndefu, na mbao zile zilikuwa zimevikwa zulia ili faiba isikwaruzike. Jua lilikuwa kali, kila kitu kimekauka kama mfupa, lakini kidole changu kikagusa kitu cha baridi, chenye unyevu, kwenye mkunjo wa zulia. Nikakivuta.

Kilikuwa kijimnyororo cha majani, kila jani sawa na ukucha wa kidole gumba, limekunjwa katikati kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Nikawasha tochi ya simu. Juu ya kila jani zimesimama nywele fupifupi, na kila unywele umegawanyika kisha ncha zake zikakutana tena juu, mfano wa kile kifaa cha waya cha kupigia mayai. Nilidondoshea tone la maji ya chupa, likabiringika likaanguka, jani halikulowa. Lilikuwa la kijani kibichi, siku ya nne nje ya maji. Hilo ni gugu la Kariba, wataalamu wanaliita Salvinia molesta. Halina mbegu wala halihitaji mbegu. Kipande chenye jicho moja kikiangukia maji ya joto yenye mbolea, ndani ya siku chache kimekuwa viwili, na viwili vimekuwa vinne. Jina la Kariba lilitokana na hivi: bwawa lile la mpakani mwa Zambia na Zimbabwe lilifungwa mwaka 1958, na miaka michache tu baadaye gugu lilikuwa limetanda juu ya mamia ya kilomita za mraba.

Kijana wangu alitaka kulitupa mtaroni. Nikamzuia, nikalitia kwenye kopo la rangi lenye kifuniko, na nyumbani nikalianika juu ya bati hadi likawa unga, kisha nikalitia jikoni. Tangu siku hiyo siamini neno la mtu kuhusu boti safi.

Kuosha

Njia ninayoifuata ni ya Marekani na Kanada, ambako wana maneno matatu tu: safisha, mwaga, kausha. Waliyafikia kwa maumivu. Kome mmoja mdogo mwenye mistari alionekana Lake St. Clair mwaka 1988, na ndugu yake, quagga, akakutwa Lake Mead Januari 2007, mbali kabisa, upande wa magharibi. Hujazana kwenye mabomba ya maji mpaka yanaziba, na watoto wao hawaonekani kwa macho. Husafiri ndani ya maji yaliyobaki kwenye boti. Ndiyo maana majimbo kama Montana na Idaho yana vituo vya ukaguzi barabarani, na ukikipita kituo kilicho wazi huku unavuta boti umevunja sheria. Alberta, huko Kanada, wana hadi mbwa waliofunzwa kunusa kome. Si kome hao wanaoninyima usingizi mimi. Nimechukua utaratibu wao, kwa sababu boti ni boti, na mahali pa kujifichia ni palepale.

Huku kwetu hakuna atakayekusimamisha kwa ajili hiyo barabarani, kwa hiyo mkaguzi ni wewe.

Oshea kule boti inakotoka majini, kabla gurudumu halijagusa lami. Ivute hadi sehemu ya juu, penye mchanga au nyasi, ambapo maji yatanywewa na ardhi bila kurudi ziwani. Kisha chomoa nguruzi, kile kizibo cha chini kule tezi, nyuma ya boti. Inua omo, yaani simamisha trela mwinuko ili nyuma iwe chini, uiache hivyo usiku kucha. Boti nyingi za faiba zinazoundwa hapa Dar zina sakafu mbili, na maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya boti, hukaa katikati yakitoka tone kwa tone. Ukiondoka baada ya nusu saa kwa kuwa umeona maji yamekata, bado una ndoo nzima humo ndani. Asubuhi ninasukumia maji ya bomba kwa juu mpaka yanayotoka chini yawe meupe, halafu nasubiri tena. Nguruzi hairudi mahali pake. Ninaifunga kwenye usukani wa gari kwa kamba, naiona safari nzima.

Mashine ya nyuma ndiyo watu wanayoikosea zaidi. Wanaiinua, wanaifunga, wanaondoka, na ikiwa imeinuliwa maji hubaki ndani ya mguu wake. Ishushe isimame wima, maji yatoke yenyewe. Kisha iweke kwenye pipa la maji safi, iwashe dakika kumi, ipandishe, imwage tena wima. Mimi naongeza pipa la pili la maji ya moto wa nyuzi 50 hivi, na sizidishi, kwa ajili ya mpira wa impela, ile feni ndogo inayosukuma maji ya kupoza mashine.

Ubavu na chini unahitaji moto zaidi: nyuzi 60. Nilijiuliza sana nitaupata wapi moto huo ufukweni, maana wanaoosha magari kwa presha wengi wanatumia maji ya baridi. Sasa natembea na jiko la gesi, sufuria kubwa ya shughuli, na kipimajoto. Maji hupoa yakimwagwa, basi nachemsha zaidi ya nyuzi 60 na kumwaga polepole, sehemu kwa sehemu, nikihesabu. Maji ya baridi ya presha yanasaidia kung'oa. Maji ya moto ndiyo yanayoua. Wazee wa Msasani walilijua hili kabla yetu. Dau lilikuwa likipandishwa mchangani, likakwanguliwa, likapigwa moto wa makuti chini, ndipo likapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Faiba huwezi kuipiga moto wa makuti, lakini maana ni ileile. Na kama boti yako imetoka baharini, vile vigamba vigumu vilivyong'ang'ania chini vikwangue ukiwa nchi kavu, uvizoe, uvifukie.

Halafu njoo kwenye trela, maana gugu langu la Chalinze halikuwa kwenye boti kabisa. Zulia nimeling'oa, nikaweka vipande vya plastiki ngumu visivyonywa maji. Fremu ya trela ni bomba lenye uwazi ndani. Trela ikizama wakati wa kupakia, bomba linajaa. Nilitoboa tundu kwenye ncha ya chini ya kila bomba, nikaingiza mpira wa maji upande wa juu, na mara ya kwanza kilichotoka kilikuwa tope jeusi, konokono wawili na mizizi. Angalia katikati ya majani ya springi, nyuma ya taa, ndani ya rimu. Chukua spoku ya baiskeli, uchokoe.

Kamba na nanga usizichukulie kawaida. Tope la nanga linaweza kubeba mbegu za gugu maji, na mbegu hizo hukaa miaka mingi zikisubiri. Nanga naisugua kwa brashi ya waya. Amari ya zamani, yaani kamba ya nanga, siivushi. Namwambia mwenye boti anunue mpya Kariakoo, ni rahisi kuliko kuihangaikia. Nyavu zilizotumika sivushi kamwe, hata mteja akikasirika. Jaketi za kuokolea nazifua kwa maji ya moto na sabuni na kuzianika moja moja, si kwa kuzirundika.

Baada ya yote hayo, kukausha. Wamarekani wanasema angalau siku 5 za ukavu kamili. Dar kwa jua la Januari siku 5 zinatosha kweli. Mwezi wa nne, masika, natoa siku 10 na boti inakaa chini ya banda, vifuniko vyote wazi, upepo upite. Mteja akiwa na haraka namrudishia pesa yake.

Karatasi

Nitapita hapa kwa haraka. Cheti cha boti cha TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini. Kadi ya gari na kadi ya trela, kwa sababu trela ina usajili na namba yake. Pasipoti. Bima ya kuvuka mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA, inayotolewa na kampuni za bima za hapa ingawa Tanzania si mwanachama wa COMESA. Hakikisha trela imeandikwa humo. Kama boti imeuzwa, mpe kazi hiyo wakala wa forodha. Kama inakwenda na kurudi, iandikishe kwa maofisa wa forodha wa TRA wakati wa kutoka, pamoja na namba ya mashine, usije ukarudi ukadaiwa ushuru wa chombo chako mwenyewe. Namba ya mashine isome wewe kwenye kibati chake, kwa macho yako. Niliwahi kuandaliwa karatasi ambazo 8 imeandikwa 6, nikalala mpakani siku mbili kwa tarakimu moja.

Gari na mzigo ukifika tani 3.5 utaingia mizani, na pikapu yenye trela na boti hufika huko bila wewe kujua. Pima karakanani kabla. Boti pana kuliko kawaida inahitaji kibali cha TANROADS.

Njiani

Kaza mikanda, tembea kilomita 20, simama ukaze tena. Beba beringi za akiba na grisi, pembetatu mbili, kizima moto. Shika beringi kwa kiganja kila unaposimama. Ukishindwa kuacha mkono hapo, usiendelee.

Jambo ninalotaka ulishike ni Ruaha Mbuyuni. Madereva wengi husimama pale kununua vitunguu, na vumbi likiwa limejaa boti, mto upo hapo chini, vijana wapo na ndoo. Kijana wangu aliniambia, "Bosi, tuioshe ifike Malawi inapendeza." Nilimkalisha nikamwonyesha maji yanakokwenda. Ruaha Mkuu unaingia Rufiji, na Rufiji sasa ina Bwawa la Julius Nyerere, umeme wa megawati 2,115 unaoangaliwa na nchi nzima, bwawa lililoanza kujazwa Desemba 2022. Kumbuka Kariba ilikuwa na umri gani gugu lilipoitanda. Hatuoshi boti mtoni. Si Wami, si Ruaha, si Songwe pale mpakani. Vumbi halijawahi kudhuru samaki.

Kitonga panda taratibu, gia ndogo, usishindane na malori. Uyole unakata kushoto kwenda Tukuyu, na hapo jua la Dar linakuaga. Rungwe ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na boti uliyoikausha siku 5 italowa kwa saa moja. Maji ya mvua peke yake si tatizo. Shida ni kwamba kama kuna kipande ulikiacha mahali, mvua ya Tukuyu ndiyo itakayokifufua. Funika kwa turubai lililokazwa, lisilofanya bwawa katikati, na nguruzi iendelee kuwa nje ili kilichoingia kitoke.

Kasumulu

Uhamiaji, forodha, bima, kibali cha muda cha gari upande wa pili: hayo yana foleni yake na utayapita. Usikubali vijana wanaokukimbilia dirishani wakikuita "mzee wangu, nikusaidie"; fanya mwenyewe au kwa wakala mliyewasiliana naye kabla.

Maofisa wa afya ya mimea wapo mpakani, upande wetu ni wa TPHPA, na macho yao yapo kwenye mahindi, mchele, ndizi na miche. Boti inaweza kupita mbele yao kama gari lingine lolote. Mimi huwafuata. Naingia, nasalimia, nasema: "Shikamoo mama, nina boti iliyowahi kufanya kazi ziwa lingine, naomba uiangalie kabla haijavuka." Mara ya kwanza yule mama alinitazama kidogo, akavua miwani, akatoka nami. Nilimfungulia kila kifuniko. Nikampa tochi, akainama akachungulia mwenyewe kwenye tundu la nguruzi, akapitisha kidole kwenye mbao za trela. Akaniuliza kwa nini hakuna zulia. Nilimweleza habari ya Chalinze tukiwa tumechuchumaa wote wawili chini ya boti, na mvua ikinyesha juu ya turubai. Aliniandikia mistari mitatu kwenye karatasi, akagonga muhuri, akasema angewaonyesha wenzake picha nilizopiga. Karatasi ile niliwaonyesha wa upande wa Malawi, na wao wakakagua kwa dakika tano tu.

Picha ni muhimu. Piga wakati wa kuosha: ngama tupu, mguu wa mashine, bomba za trela, nanga. Simu inaweka tarehe. Ukiulizwa umeosha wapi na lini, una jibu la kuonekana.

Kushusha majini

Kutoka Karonga hadi Nkhata Bay, kupitia Mzuzu, kuna mlima mkali wa Chiweta. Beringi tena, mikanda tena. Ukifika, usikimbilie kushusha. Simama mbali na maji, funua turubai, zunguka boti mara moja kwa mkono, si kwa macho. Mkono uliniambia kweli Chalinze. Ukikuta kitu chochote cha kijani, hata uzi, kiondoe, kitie kopo, na boti isubiri siku nyingine juani. Nimeshafanya hivyo mara moja Kyela, mteja amesimama na wageni wake, na nilimwambia hapana.

Nguruzi namkabidhi mwenye boti mkononi, airudishe mwenyewe. Ndipo tunashusha.

Sasa trela yako imezama Nyasa, na kazi yako inayofuata pengine ni Mtera au Mwanza. Vaa buti za mpira, maana ziwa hili lina kichocho. Vuta trela hadi juu, mbali na ufukwe, omba maji kwa wenyeji, washa jiko la gesi, na uanze na bomba za fremu.